Noti ya Ishirini

Mimi ni karani wa mahakama, Wete.
Kazi yangu kuandika watu walivyosema,
si walivyotaka kusema.

Shauri la Bwana Nassib Kheri, afisa wa ardhi,
lilikula miezi kumi na moja na mota mbili za feni.
Mize Shaame wa Mtambwe alipanda kizimbani
na mkoba wake wa ukili kwapani,
akala yamini, akasema:
"Aliniambia, faili lako halina miguu, Mize.
Nikamuuliza, miguu inauzwa wapi?
Akacheka. Akafungua mtoto wa meza."

Wakili, aliyevuka kutoka Unguja kwa boti ya usiku,
alikuwa mpole kuliko sisi sote.
"Kufungua mtoto wa meza ni kosa, mama?"
"Si kosa."
"Kucheka?"
"Si kosa."
Nikaandika: si kosa. Nikaandika: si kosa.

Fedha alizitia mwenyewe, ishirini za elfu kumi.
Hazikuwa na alama, hazikupigwa picha,
hakuna aliyezipaka dawa ya kugeuza maji rangi.
Alikwenda yeye na mjukuu wake tu,
kwa sababu alikwenda kutafuta hati,
hakwenda kutafuta ushahidi.

Mjukuu, Chumu, miaka tisa, alihesabu kwa macho.
"Ngapi?"
"Kumi na tisa."
Bibi kesha sema ishirini.
Hakimu akavua miwani.
Niliisikia shaka ikiingia,
nyembamba kama noti moja,
ikavuta kiti, ikakaa.

Sokoni hawahesabu.
Sokoni lisemwalo lipo,
na ghorofa ya afisa kule Limbani
hutoa ushahidi kila jua likilipiga bati.
Penye udhia penyeza rupia, wanasema,
kisha wanataka aliyepenyezewa afungwe
na aliyepenyeza apewe pole.
Muuza chapati alinikaripia, unga mikononi:
"Nyinyi mnataka nini tena?"

Sikumjibu.
Baba yangu alifungwa, miaka ile ya magendo,
kwa gunia tupu.
Halikuwa na karafuu, hata kikonyo.
Lilinuka tu,
na pua tatu za serikali zilitosha.
Aliporudi alikuwa akifua kila kitu mara mbili,
mashuka, kanzu, mpaka kamba ya ndoo,
mpaka anakufa.
Kwa hiyo mimi shaka siichukii.
Laiti ingebisha hodi kwetu siku ile.

Hukumu, kurasa kumi na nne, niliipiga chapa mwenyewe:
upande wa mashtaka haukuthibitisha
pasi na shaka yoyote ya maana.
Mara moja kidole kiliteleza,
ikatoka shoka.
Nikafuta.

Mize alinisubiri ukumbini nimrudishie vielelezo:
stakabadhi ya ada, ramani ya kiwanja.
"Kwa hiyo nimesema uongo?"
"Mahakama haikusema hivyo."
"Imesema yeye ni mwema?"
"Hilo pia haikusema."
"Sasa imesema nini, miezi yote hii?"
"Imesema haijui, mama."

Akachovya dole gumba kwenye wino,
akaligandamiza kitabuni mwangu.
"Mie najua," akasema, bila hasira,
kama mtu anayetaja jina la kijiji chake.

Chumu alikuwa akichezea ncha ya mkoba.
"Karani, ile moja ilikunjwa ndani ya nyingine.
Bibi hukunja hivyo, isipotee.
Yule bwana aliniuliza nilizoziona."

Nikatafuta pa kuliandika.
Kitabu kile kina safu tatu tu:
tarehe, kielelezo, sahihi.